Bi Mwanakombo na Sururu ya Edgar

Kama kuna mtu Kinyerezi ambaye masika yamemzeesha kuliko umri wake, ni Bi Mwanakombo. Mie namfahamu tangu anauza chapati za maji kituoni, kabla watu wa bonde la Kwa Kondo hawajamchagua kuwa mjumbe wao. Kazi yangu ni kunoa visu kwa baiskeli, leo nipo Segerea, kesho Ubungo, na kila mtaa nimekuta una mtu wake wa kupiga kelele. Huyu mama lakini hapigi kelele ovyo. Anapiga kelele akiwa na karatasi mkononi.

Watu wa hali ya hewa wakitoa tahadhari ya mvua kubwa, ofisi ya mtaa humtumia kwenye simu. Yeye haviamini vioo vya simu, macho yenyewe hayaoni vizuri. Huinakili tahadhari kwenye karatasi ya daftari kwa herufi kubwa, kisha huazima spika ya Twaha, muuza dawa za wadudu, na kuteremka bondeni nyumba kwa nyumba.

Sasa nieleze jambo moja la bonde lile. Chini kule hakuna njia ya gari. Gari la taka haliteremki, gari la kunyonya vyoo haliteremki. Basi watu wamezoea miaka yote kungoja mvua kubwa. Mto ukijaa, mwenye viroba vya taka anavitupa, na mwenye choo kilichofurika anatoboa shimo lake upande wa mtoni ili maji yasombe. Wanaita kutapisha. Kwa hiyo ukiwaambia kesho mvua kubwa, hawasikii kwamba wahame. Wanasikia kwamba gari la taka linakuja, tena la bure. Badala ya kupanda juu, wanashuka kwenye kingo.

Aprili ya mwaka jana nilikuwa nimeegesha baiskeli yangu pale juu, mwanzo wa ngazi za viroba vya mchanga. Asubuhi, mawingu mazito upande wa Pugu. Bi Mwanakombo akapita na spika begani. Akaiwasha.

"Kunguni, mende, panya, viroboto! Weka leo, kesho hutawaona!"

"Twaha huyu!" akafoka, akiibonyeza huku na huku. "Nimemwambia afute sauti yake kwanza!"

Watu wakacheka. Ikanyamaza, akasoma karatasi yake. Mvua kubwa, mafuriko ya ghafla, waliopo mabondeni waondoke mapema. Alisoma mara tatu, pole pole kama anasomea darasa.

"Ahsante kwa taarifa, mama mjumbe!" akaitikia Edgar. Huyu ni mwenye vyumba sita kando kabisa ya mto, mtu mpole, mcheshi, mchapakazi. "Mie nimeingojea hii tangu Januari!"

"Unangojea nini, Edgar? Nimesema muondoke."

"Tutaondoka, mama. Kwanza tumalize kausafi kidogo."

Bi Mwanakombo alimtazama, akaitazama karatasi, kama vile labda ameandika kitu kingine. Akaenda nyumba inayofuata. Huko nako wakamshukuru, na nyuma yake nikaona viroba vya taka vinaanza kutolewa nje na kupangwa kwenye ukingo. Kila alipopita, viroba vilizidi.

Hapo ndipo Edgar akapanda ngazi na sururu yake.

"Shikamoo mzee. Hebu niponyee ncha hii, imekuwa butu kama kidole."

"Marahaba. Sururu si kazi ya jiwe langu, mwanangu, ni kazi ya mhunzi."

"Kidogo tu, mzee wangu. Iingie kwenye tofali."

Nikainoa. Mie ukiniomba kwa adabu sijui kukataa, ndiyo hasara yangu. Akashuka nayo anapiga mluzi.

Kufika saa nne, jua likatoka. Jua kweli, la kuanika mchele. Waliokuwa wamefunga magodoro wakayafungua. Wanawake wawili wakamuuliza Bi Mwanakombo, hiyo mvua yake imepotea njia au imenunuliwa? Alikuwa amepanda na kukaa juu ya kopo la rangi karibu na baiskeli yangu, anajipepea kwa ile karatasi.

"Wapangaji wa Edgar wametoka?" nikamuuliza.

"Zuena wa chumba cha kwanza na watoto wake wamepanda, wako msikitini. Wengine nimewavuta kwa mikono. Amebaki Edgar." Akanyanyuka kuchungulia. "Anafanya nini kule chini?"

Edgar alikuwa amesimama ndani ya mto wenyewe, maji ya kumfika vifundoni, anatindua ukuta wa choo chake kutokea nje. Ameshachimba na mfereji.

"Nani kamnolea sururu ile, mbona inang'aa?"

Nikajikohoza. Alinigeukia taratibu.

"Mzee! Na wewe?"

Nilitazama kule Pugu. Kule kulikuwa kumefunga, kweusi kama chungu, na umeme unapiga bila sauti. Na mto wetu huu, Msimbazi, unatoka huko huko vilimani. Mvua haina haja ya kunyesha kichwani kwako ndiyo ikuue.

Bi Mwanakombo akashika spika. "Edgar! Toka mtoni! Maji yanatoka Pugu!"

"Bado kidogo, mama!" akajibu, mkono juu ya macho kwa ajili ya jua. "Mvua yenyewe iko wapi? Tofali tatu tu!"

"Edgar, nakuomba! Mwanangu, nakuomba!"

"Mbili!"

Ndipo nikasikia. Haikuwa ngurumo, ilikuwa kama lori linamwaga kokoto mbali, halafu halimalizi kumwaga. Harufu ya tope bichi ikatangulia. Kwenye kona ya juu ya mto, mianzi ikaanza kulala upande mmoja. Edgar ameipa mgongo, anapiga sururu, hasikii. Nikamwona Bi Mwanakombo amefumba macho, kama mtu anayemwomba Mungu radhi mapema. Kisha akapaza:

"Bwana afya huyooo! Bwana afya na askari wa manispaa! Wanaingia kwa Edgar!"

Jamani. Mtu ambaye hakutishwa na tahadhari, hakutishwa na mama mzima anayelia, aliitupa sururu kama imeungua. Alipanda ule ukingo kwa mikono na magoti, akakata kwa nyuma ya nyumba, akaja na ngazi mbili mbili mpaka kwetu, anahema, matope mpaka kifuani.

"Wako wapi? Mama, waambie nilikuwa naziba, sikuwa natoboa!"

Nyuma yake maji yalipita, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba viroba vyote vilivyopangwa kwa heshima, na gogo, na paa la banda la mtu. Yakachukua mfereji wake, yakachukua choo kizima, yakachukua na vyumba viwili vya mwisho. Jua linawaka. Edgar akageuka, akayaona. Halafu akamwambia mjumbe:

"Kwa hiyo umenidanganya."

Bi Mwanakombo akakaa chini kwenye mchanga, akacheka, na machozi yanamtoka.

Baadaye alikwenda mwenyewe kwa bwana afya wa kata, Erasmus, akakiri kwamba ametumia cheo cha huyo bwana kwa uongo. Akamwomba asimwache arudie uongo ule, maana yeye ni mjumbe na ana umri wa kuogopa kaburi. Tangu hapo, tahadhari ikitoka, Erasmus huteremka bondeni kweli, na mabuti na kitabu cha faini. Kukimbia mafuriko hawataki. Kumkimbia Erasmus wanapanda juu wote, mpaka vikongwe. Bi Mwanakombo hukaa juu pale anawahesabu wakipita, amenuna.

Wiki iliyopita Edgar alinisimamisha pale juu, mwanzo wa ngazi, na sururu mpya.

"Shikamoo mzee. Ncha kidogo tu."

"Ya nini safari hii?"

"Nachimba choo kipya, mzee wangu." Akanionyesha kwa kidole. Pale pale, hatua tatu kutoka ukingoni.

Nikamtazama. Nikalitazama jiwe langu, jipya kabisa, nimelifunga Jumatatu.

"Jiwe limekwisha, mwanangu," nikamwambia, nikapanda baiskeli yangu.