Ndago Ndani ya Kompyuta

Ipo siku moja ambayo kila niikumbukapo hunijia pamoja na ukungu wake. Ulikuwa umelala juu ya bonde la Rufiji, na dungu letu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji ya mto yapite chini yake, lilionekana kana kwamba linaelea. Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, nami nimetoka Kibiti kwenda kumsaidia Bibi Somoe, mama yake mama yangu, kupalilia mpunga. Mkononi nilishika kijembe. Moyoni nilikuwa na kompyuta.

Mwanangu, usicheke. Kompyuta ile ya kupakata niliipata imekwisha tumiwa na watu, nami nikaipenda kama apendaye chongo akaliita kengeza. Kila programu iliyobisha hodi niliifungulia. Moja iliahidi kuongeza kasi, nyingine kupamba kioo, nyingine kulinda dhidi ya virusi ilhali mlinzi mwingine alikuwamo tayari; kazi yangu ilikuwa kubonyeza “Endelea”, na tena “Endelea”. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini hawakusema afunguliwe hata asiyetaja jina lake. Muda si mrefu mashine ikawa inaamka kwa kujikongoja, matangazo yakirukaruka kiooni kama panzi, na faili nililolihitaji kuliko yote likakataa kufunguka.

Faili hilo lilikuwa sauti ya Bi Mwajuma, dada yake Bibi. Msimu uliotangulia nilimrekodi akiwa juu ya dungu, akiimba wimbo wa kufukuza ndege mpungani. Kabla mvua hazijarudi, akatangulia mbele ya haki. Hapakuwa na nakala nyingine popote. Na Bibi, ambaye si mtu wa kuomba, alikuwa ameniomba jambo moja tu: amsikie dada yake tena.

Binamu yangu Shamte, fundi wa kompyuta pale Kibiti, alijaribu kulinakili faili lile kwenye flashi. Kila mara mashine iliganda njiani. Akatikisa kichwa.

“Dada, hii imejaa takataka mpaka kooni. Tupige windo upya tu, iwe kama toto lililozaliwa leo.”

Kupiga windo, kwa lugha ya mafundi, ni kufuta kila kitu na kuanza mwanzo.

“Na Bi Mwajuma?”

“Bi Mwajuma tumwombee dua.”

Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nusu ya moyo wangu ilikwisha kubali.

Basi asubuhi ile ya ukungu nilipalilia ndago, lile gugu sugu la mpungani, mbio mbio, mawazo yakiwa mbali, na sehemu yangu ikapendeza kuitazama. Bibi akaja, akainama, akapitisha kiganja juu ya udongo.

“Hii ndago umeinyoa, hujaing'oa.”

Akazamisha vidole topeni, akavuta polepole. Vikatoka vijiazi vyeusi vimeungana kwa mizizi myembamba, kimoja baada ya kingine, kama punje za tasbihi. “Hivi ukiviacha,” akasema, “kesho kutwa shamba lote litakucheka.”

Hapo ndipo nilipomweleza neno la Shamte. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Akifuta, dada yangu anabaki?”

“Habaki, Bibi.”

“Kumbe! Shamte atachoma shamba kwa ajili ya ndago, na mpunga umo? Mwambie akae huko huko Kibiti, asije akanisaidia kulima.”

Tukacheka, naye akarudi kwenye taratibu yake. “Ng'oa moja moja. Usizirundike kwenye tuta, zitashika tena. Zitoe nje ya shamba zikafie juani. Na usilolijua, usiling'oe. Mpunga na magugu vikiwa vichanga hufanana.” Kisha akaugeukia mto, akaanza wimbo wa dada yake, akaishia katikati. Maneno yaliyobaki yalikuwa yamemtoka.

Nilirudi Kibiti nikamwambia Shamte kwamba hatuchomi shamba. “Haya, mkulima,” akasema, “kamata jembe.” Tukafungua mipangilio, tukaisoma orodha ya programu zilizomo, jina kwa jina. Mpaka siku ile nilidhani kutupa alama ya programu kwenye kikapu cha taka ndiko kuiondoa; kumbe nilikuwa nanyoa. Sasa tuliisanidua kila moja kwa njia yake yenyewe, itoke na mizizi. Moja ilitubembeleza kama mchumba aliyeachwa: kitufe cha “Baki nami” kikubwa kama sahani, cha “Ondoa” hakionekani ila kwa kukodoa macho. Tukaizima mashine, tukaiwasha upya, ndipo tukatafuta masalia: makabrasha matupu yaliyoachwa nyuma, na vile vijiprogramu vinavyojiamsha pamoja na mashine.

Nikaona jina geni, nikanyoosha kidole. Shamte akanidaka mkono.

“Ebo! Hiyo ndiyo inayotoa sauti kwenye spika. Ukiing'oa, Bi Mwajuma atabaki bubu.”

Mashine ilipoanza kupumua, jambo la kwanza tulilofanya ni kuinakili ile sauti. Safari hii haikuganda.

Nilirudi bondeni mpunga umekwisha beba punje. Kwelea walikuwa wametua juu ya masuke, wengi, wakilitikisa shamba kama upepo. Nilimketisha Bibi dunguni, nikaiweka kompyuta magotini pake, nikafungulia sauti hadi mwisho. Bi Mwajuma akaita. Na ndege, mwanangu, ndege waliinuka wote kwa pamoja, kama shuka linalokung'utwa asubuhi.

Bibi alifunika mdomo kwa ncha ya khanga. “Hata huko aliko,” akasema, “bado anawafukuza.” Kisha akaudaka wimbo pale alipokuwa ameuachia, wakaumaliza wawili.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kompyuta yako ni shamba. Usiifungulie programu usiyojua imetoka wapi wala inataka nini. Iliyoingia isiyotakiwa, iondoe, lakini kwanza hifadhi penginepo kile usichoweza kukipata tena. Usiinyoe; isanidue, uwashe upya, kisha urudi kutazama kama imeacha kijiazi. Usilete programu ngeni ije kufukuza programu ngeni, na jina usilolijua liulizie kabla ya kuligusa. Haraka haina baraka, na hasira ya kufuta vyote mara nyingi hufuta kile kilichotufanya tusafishe.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mtulivu na jicho la kupambanua. Shamba lako litakate, mpunga wako usalimike, na wale uwapendao, siku utakapotaka kuwasikia, sauti zao uzikute.