Chupa ya Damu ya Bahati

Kule Ngungu, katika eneo la Masisi, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Nyiraneza, ambaye hakujaliwa mtoto, aliitwa Nyiraneza tu.

Mwaka wa 1953 alikuwa akimlisha Bahati, chui mchanga aliyefungiwa kwa munganga, yaani daktari, wa wanyama. Bahati akashikwa na homa, akasusa nyama. Munganga akamtoa damu, akaitia katika chupa yenye mchuzi safi wa nyama.

"Mama, hii chupa ikae na joto ya mwili siku mbili," alisema. "Na hapa iko baridi sana."

Nyiraneza akaifunga tumboni kwa kitenge. Akalima maharage nayo, akalala nayo.

Siku ya pili mchuzi ulikuwa umetibuka kama uliochacha. Akaurudisha, macho chini.

"Munganga, unisamehe. Jasho yangu imeharibu muchuzi."

"Hapana, Mama. Ile uchafu ni vidudu vya ndani ya damu, vimezaana kwa joto yako. Sasa najua sindano ya kumupiga."

Wiki iliyofuata Bahati alikula. Majirani waliokuwa wamemwona akilima huku tumbo limetuna kama la mjamzito walianza kumwita Mama Bahati kwa utani. Yeye aliitika kwa dhati.