Viazi Havipangi Foleni

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja ya kata huku Kishapu, nikisubiri karani amalize chai yake. Dirisha linatazamana na darasa la tano, na mwalimu wa hesabu ana sauti.

"Debe moja la viazi vitamu likikatwa vipande na kuanikwa, michembe inakauka kwa siku nne. Madebe matatu je?"

"Siku kumi na mbili," darasa zima likaitikia.

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha kidole mpaka akajikuta amesimama. "Nne, mwalimu."

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Kwa nini nne?"

"Bibi anaanika vyote siku moja. Kwani viazi vinapanga foleni kwenye jua?"

Mwalimu akaweka chaki mezani, akampigia makofi peke yake, darasa likafuata. "Michembe itakuwa mara tatu," akawaambia, "lakini siku ni zile zile. Msizidishe kabla hamjafikiri."

Karani akamaliza chai. Nilihitaji barua mbili za utambulisho, yangu na ya mke wangu.

"Barua moja ni siku mbili," akasema, akinionyesha vidole. "Kwa hiyo zako ni siku nne."

"Kwani barua zinapanga foleni kwenye muhuri?"

Akanitazama, akatazama dirisha, akacheka mpaka akafuta macho. "Njoo keshokutwa, mzee, uchukue zote."

Nikaondoka natembea kama msomi. Sikumwambia kwamba swali la viazi lilipoulizwa, mimi nami, kimoyomoyo, nilijibu kumi na mbili.