Siku Tulipoinua Kitanda cha Mama

Naomba mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu mbaya na maneno nitakayoyakosea. Mie niliishia darasa la saba. Lakini jana nilipita mahali wanapofyatua matofali, nikasikia harufu ya saruji mbichi, na moyo ukaanza kunienda mbio kama nina miaka minane tena. Nikasema hili lazima niliandike.

Tulikaa Temeke, chumba kimoja cha kupanga katika nyumba ya vyumba sita. Baba na mama walilala kitandani, nyuma ya pazia. Mimi na dada Mwajuma tulilala chini kwenye mkeka, kati ya kitanda na kabati la vyombo, mgongo kwa mgongo. Akigeuka yeye, nageuka na mie. Nilikuwa muoga wa watu, wa paka, wa kila kitu. Bila mgongo wa dada sikupata usingizi.

Mama alipojifungua mdogo wetu, shangazi alikuja kutoka Kisarawe kumkanda mzazi kwa maji ya moto mpaka arobaini. Baba akahamia kwa rafiki yake kwa siku hizo. Shangazi alikuwa mnene, Mungu amrehemu, na vikapu vyake vilikuwa vinene kama yeye. Mkeka ukajaa. Mimi nilibanwa miguuni pake, dada akakosa pa kulala. Ndipo mjomba wa Gongo la Mboto akasema atamchukua Mwajuma akakae kwake moja kwa moja, hata shule ahamie huko.

Mie muoga nikafungua mdomo mbele ya wakubwa bila kuulizwa. Nikasema mbona watoto wa Mama Neema, jirani yetu, wanalala uvunguni? Kitanda chao si kimeinuliwa kwa matofali?

Baba alinitazama, akacheka. Alikuwa kibarua wa ujenzi. Jumamosi asubuhi akaja na matofali manane kwenye toroli, mengine bado yana unyevu. Wanaume wa nyumba nzima waliitwa. "Haya, moja, mbili, inua!" Kitanda kikapanda, matofali mawili kila mguu. Nilikimbia ukumbini huku na huku napiga kelele, mie niliyekuwa siongei. Tumepata chumba cha pili!

Kumbe kwa furaha ile hakuna aliyemkumbuka mzazi. Mama alisimama na mtoto kifuani, kitanda kinamfika karibu na mbavu.

"Nyie! Nina siku nane tu tangu nizae. Mnataka nikwee mnazi?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Mwajuma, mkeo si mkwezi! Hebu toeni tofali moja moja."

Wakatoa. Uvungu ukapungua nusu. Mjomba alikuwa mlangoni, mfuko wa nguo za dada tayari mkononi mwake.

"Sasa humo ataenea nani? Huyu mrefu kama mgomba!"

"Ajaribu," baba akasema. "Asipoenea, mchukue."

Dada akaingia kwa tumbo. Kichwa kikapotea, mgongo ukapotea, lakini miguu ikabaki nje kuanzia magotini. Mjomba akatikisa kichwa. Mimi nilipiga magoti, nikamshika dada kisigino. Akatulia kidogo. Kisha mguu mmoja ukavutwa ndani, na wa pili.

"Naenea, mjomba," sauti ikatoka chini. "Mie nabaki."

Nikajitupa humo nami nikimcheka mjomba, na miaka yote iliyofuata nilijisifu kwamba mie ndiye niliyemwokoa dada asichukuliwe.

Dada alilala amekunja magoti humo mpaka alipomaliza shule. Mwezi uliopita, akimsuka binti yake, aliniambia kwamba kule kwa mjomba alishatandikiwa kitanda cha peke yake, dirishani, na alikuwa anataka sana kwenda. Ule mfuko aliufunga mwenyewe tangu alfajiri.

"Sasa mbona ulikunja miguu?" nikamuuliza.

"Si ulinishika kisigino," akasema, akaendelea kusuka.

Wasomaji wenzangu, kama yupo mtu aliyewahi kujikunja hivyo kwa ajili yenu, niandikieni mnieleze mlimwambia nini. Mie bado sijapata la kumwambia dada.