Plasta ya Qali

Mwaka 1966 serikali iliwakusanya watu wa upande ule wa Garissa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, ikasema ni kwa usalama wao. Mbuzi wa Maka, muuza maziwa, hawakuhesabiwa katika usalama huo, walichukuliwa. Hivyo binti yake Qali, mchungaji wao wa miaka kumi na miwili, akapata kitu ambacho daktari alikuwa amekidai kwa miezi: kupumzika.

Goti lake lilikuwa limevimba tangu kiangazi, na kila alipokimbia lilimuuma kwa ndani. Mganga wa jirani alilichoma kwa kijiti cha moto mara tatu, likabaki vilevile ila na makovu. Daktari ndiye aliyeeleza kwamba kipande cha mfupa, pale paja linapoishia, kimekosa damu na kinataka kumeguka. Kwa mtoto anayekua, alisema, kitashika chenyewe mguu ukitulizwa. Kikichomoka, kitazurura ndani ya goti na siku moja kitalikwamisha asiweze kulinyoosha.

Akaufunga mguu plasta ya wiki sita. Maka alimsikiliza kwa heshima zote, kisha walipofika nyumbani akasokomeza kati ya plasta na paja karatasi ya aya aliyoandikiwa na maalimu wa Kurani. Hakuona ubaya wa kuwa na madaktari wawili.

Katika wiki ya tatu, asubuhi, askari waliingia kijijini kuwatafuta mashifta, waasi wa porini.

"Wote chuchumaeni!"

Kijiji kizima kikachuchumaa. Qali peke yake akabaki wima.

"Wewe! Masikio umeuza?" koplo akafoka.

"Afande, hii mtoto goti yake iko gonjwa," Maka akasema kutoka chini.

"Wagonjwa wenu wote wana risasi ndani."

"Hakuna risasi, wallahi. Ni mfupa tu nataka toka."

Koplo akachomoa singe. Maka alijikuta na hofu mbili, na hakuwa na nafasi hata ya moja. Mguu ukikunjwa, mfupa utachomoka. Na hiyo karatasi.

"Hooyo, usikunje," akamwambia Qali kwa Kisomali, akimwita "mama" kama akina mama wa kwao wanavyowaita watoto. "Hata akikukata, usikunje."

Plasta ikapasuliwa kuanzia juu. Hapakuwa na risasi. Palikuwa na makovu matatu ya mviringo, ambayo koplo aliyatazama kwa muda mrefu kupita kiasi, na karatasi iliyokunjwa, yenye maandishi ya Kiarabu.

"Ahaa. Barua!"

Akaitwa Guleid, mkalimani, kijana wa Kisomali aliyekula mshahara wa serikali na ambaye kijijini hakuna aliyemkaribisha chai. Karatasi ilikuwa imeloa jasho wiki tatu. Wino ulikuwa umebaki doa.

"Soma. Kwa sauti."

Guleid aliitazama karatasi, akamtazama Maka, akaanza kusoma. Maalimu alikuwa ameandika Ayatul Kursi, aya ya kinga. Guleid alisoma Alhamdu, sura ambayo kila Mwislamu anaijua kwa moyo, mwanzo hadi mwisho, macho yake yakitembea kwenye mistari kutoka kushoto kwenda kulia. Maka aliyaona yakienda kinyume cha Kiarabu. Koplo, ambaye magazeti yake yote yalisomwa hivyohivyo, hakuona kasoro.

"Amin," Maka akasema.

"Amin," kikajibu kijiji kilichochuchumaa.

"Ni dua, afande," Guleid akasema. "Ya goti."

Koplo akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Na hayo matundu?"

"Moto, afande. Ndiyo dawa yao."

"Dawa gani hii! Mpeleke hospitali kabla sijabadili nia."

Maka akambeba Qali, mkono mmoja chini ya paja, mwingine chini ya kisigino, mguu umenyooka kama ulivyokuwa. Plasta iliyopasuka ilikuwa ikining'inia. Alitembea polepole, kwa kuwa anayekimbia hupigwa risasi.

"Umekunja?"

"Sijakunja, hooyo. Naweza kulia sasa?"

Langoni kulikuwa na askari mwingine, bunduki begani, akiwatazama wakija.

"Bado," Maka akasema.