Mfuko wa Maua ya Zambarau

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa gunia. Fundi Mkuu, mwenye kibanda cha cherehani tatu kando ya reli huko mtaa wa Laini Saba, jijini, alinisukumia gunia la vipande na kuniambia nikae chini nivichambue. Nilikuwa msichana aliyetoka nyumbani, upande wa ziwa, nikidhani ningekanyaga cherehani siku hiyo hiyo. "Mwenye kudharau kipande hajawa fundi," alisema. Nilichambua wiki mbili nzima, mgongo ukiniuma, nikimtukana kimoyomoyo.

Mafungu yalikuwa matatu: vya kutosha mfuko, vya kutosha mikanda, na vidogo vya kujazia mito. Lakini mtu akileta kitambaa cha kumshonea marehemu wake nguo ya kuzikwa nayo, mabaki yake hayakuingia fungu lolote. Yalifungwa fundo, hata nyuzi, yakarudishwa pamoja na nguo ili yaende kaburini. Fundo hilo Fundi Mkuu alilifunga kwa mkono wake. "Cha marehemu hakilali hapa," alisema. "Mfiwa akikiona kwa mtoto wa mtu, utamwambia nini?" Nilicheka, nikiwa nimempa mgongo.

Kushona aproni ya mtoto nilifundishwa na Fundi Mkuu. Siku hizi naona mnaitafuta kwenye simu, nami siwalaumu, ila simu haitawapiga rula mkononi mkikosea. Kunja kitambaa katikati. Pima shubiri mbili na kidogo, kutoka kifuani mpaka magotini. Weka kifuniko cha sufuria kwenye kona ya juu, upande usio na mkunjo, uchore tao la kwapa, ukate kikiwa kimekunjwa ili pande zilingane. Pindo likunje mara mbili nyuzi zijifiche, ulipige pasi kabla ya kushona. Mfuko huja mwisho. Kwenye kona zake shona mbele, rudi nyuma, shona tena, kwa maana mtoto hutia mkono mfukoni kama anayechimba viazi.

Fundi Mkuu alipozeeka akarudi kwao, kibanda kikafungwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; nikavuka kwenda Kawangware, kwa mama mmoja mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha na duka la nguo, upande wa kuelekea kituo cha Satellite. Tulimwita Madam. Alikuwa mtu mwema, lakini hakuwa na habari ya fundo. "Hapa hatutupi kitu," aliniambia. "Kipande ni kipande."

Mteja wangu mmoja alikuwa Mama Akinyi, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, jirani yetu. Alikuwa na mabinti wawili, Akinyi wa miaka saba na Atieno wa minne. Akinyi alipenda kusimama mlangoni kwangu akihesabu vifungo, na kila mara akifika kumi na tisa alirukia thelathini. Aliugua homa, hakumaliza juma. Mamake aliniletea kitambaa cheupe chenye maua madogo ya zambarau, akasema, "Fundi, mshonee iwe na mikono mirefu. Huko nyumbani asubuhi ni baridi." Nilishona huku nikilia, na alipokuja kuchukua gauni sikukumbuka mabaki. Yalikuwa chini ya meza, kwenye kikapu cha vipande.

Baada ya mazishi watu walianza kumwita Mama Atieno. Nami nikafuata.

Mwezi uliofuata shule ya chekechea iliagiza aproni za kuchorea rangi. Tulizishona kwa vipande. Siku ya kuzipeleka, aproni moja ya buluu ilikosa mfuko, na kwenye kikapu kipande pekee kilichotosha kilikuwa kile cha maua ya zambarau. Nilikitambua. Sitaki kumdanganya mtu hapa: nilikitambua, nikakishika, nikasikia Madam akiita, "Bado? Mwalimu anangoja!" Nikajiambia watoto ni wengi, nani ataona? Nikakishona, kona zote nikazirudia, kama nilivyofundishwa.

Siku tatu baadaye Mama Atieno alisimama mbele ya cherehani yangu.

"Fundi, hii kitambaa niliichagua soko ya Gikomba nikilia. Ulidhani nitaisahau?"

Nilimwambia alete aproni niufumue mfuko saa hiyo hiyo.

"Utafumua aje? Mwalimu alisema kila mtoto achague yake. Atieno akaenda moja kwa moja kwa hii. Anasema ni ya Akinyi. Mandazi yake anakula nusu, nusu anaweka kwa mfuko, ya dadake. Jioni nikimvua analia. Na mimi ndiye huiosha." Akainama karibu na cherehani. "Mbona hukufunga fundo, Mama? Si wewe ni mtu wa kwetu ziwani, unajua ya marehemu hurudishwa?"

Niliomba msamaha; hakusema amenisamehe, wala hakusema hapana. Kwa miaka miwili alipeleka nguo zake kwa fundi mwingine. Mimi nilimwona Atieno akipita asubuhi, mkono mfukoni, na kila asubuhi iliniuma upya.

Kisha siku moja mamake aliingia na ile aproni, imepauka. "Imekuwa ndogo kwake. Jumamosi naenda nyumbani. Fumua mfuko, nimpelekee mwenyewe kaburini."

Kona zile zilinitesa. Nilikuwa nimezikaza vizuri mno, na macho yangu yalikuwa yameanza kuchoka. Ndani ya pindo nilikuta makombo ya mandazi, magumu kama mchanga. Niliyafungia ndani ya kipande hicho, pamoja na kila uzi, nikakaza fundo.

"Shika, Mama Akinyi," nilisema. Jina lilinitoka tu.

Alilipokea fundo kwa mikono miwili. "Hakuna mtu ameniita hivyo tangu tumzike," alisema, akaketi kwenye benchi langu, akalia mpaka Madam akafunga mlango ili wateja wasituone.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Lindi, si mbali na Laini Saba, kwa binti yangu, na uzi siwezi tena kuutunga. Ile aproni Mama Akinyi aliniachia. Mbele yake pana mraba wa buluu ambao jua halikuugusa, mahali palipokuwa na mfuko. Ninalo gunia zima la vipande, na sijaona kimoja cha kupaziba.