Nyasi za Anifa na Moto wa Msiba

Wifi yangu Anifa ndiye fundi wa nyasi bandia hapa Gongoni, na akikuambia ua wako utapendeza, we nyamaza tu, utapendeza. Ni zile za plastiki, zinaletwa zimeviringishwa kama mikeka. Anashindilia kokoto, anatandaza, anapiga gundi kwenye maungio. Wanaume waliomcheka zamani, leo wanamwita fundi bila kuona haya.

Mtaa ulipokaa kikao kupanga masharti ya nyasi hizi, yeye ndiye aliyewaeleza habari za maji: marufuku kumwaga zege chini ya nyasi, na lazima uache mfereji kando ya ukuta ili mvua isihamie kwa jirani. Sharti la tatu, la kubakiza kipande cha udongo mtupu, lilimkera. Mteja gani atavutiwa na ua wenye kiraka? Kwake akatandika ukuta hadi ukuta. Mwenyekiti Samweli alipokuja kumwonya, akamkaribisha chai na maandazi, basi yakaishia hapo.

Kisha baba yetu akafariki. Alikuwa akiishi humo humo kwa kaka yangu Omari, mume wa Anifa, na ndipo palipokuwa kwake. Tukazika. Jioni wanaume wakaja kulala msibani na kuni zao, kama ilivyo kwetu, wakasimama mlangoni wakitazamana. Pa kuwasha moto hapakuwepo. Plastiki ile ingeshika mara moja. Wakaanza kunong'ona kwamba matanga yahamie kwa jirani, Mzee Ngollo. Jamani, niliwaka! Baba yangu aliliwe kwenye ua wa watu, na kwake anako? Nikamwambia Anifa mbele ya wanawake wote kwamba majani yake yamemfukuza baba.

Anifa aliingia ndani, akatoka na kisu chake cha kazi, akajifunga kanga kiunoni, akapiga magoti katikati ya ua, pale palipopendeza kuliko pote. Akakata. Akang'oa nyasi, akazoa kokoto kwa mikono mpaka udongo ukaonekana.

"Wekeni moto hapa," akawaambia. "Baba hatoki kwake."

Wakauwasha, wakakaa. Anifa akarudi ndani, vidole vimechubuka, akasimama mbele yangu kama anayengoja kufukuzwa. Nikamsogezea nafasi kwenye mkeka. Akaketi, akaniegemea begani, ndipo akamlilia baba kwa sauti.